Gereji ya Tabata iliyopima kabla ya kuniuzia pampu

Gari langu, Toyota IST, lilianza kuvuma mwezi wa pili. Sauti ilitoka chini ya siti ya nyuma, nyembamba kama nyuki ndani ya debe, na ilizidi kila taa ya mafuta ilipowaka, hasa mchana kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam. Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo tu akasema, "Mama, pampu ya mafuta imekufa, andaa laki mbili na themanini." Hakufungua chochote. Nikaondoka.

Jirani akanielekeza kwenye gereji moja ya uani, Tabata, na hiyo ndiyo ninayoisifia hapa. Kijana wa pale alianza na maswali: najaza wapi, najaza kiasi gani, gari linakosa nguvu kwenye mlima? Nikamwambia huwa natia ya elfu kumi kumi. Akanieleza kuwa pampu imezama ndani ya tangi, na petroli yenyewe ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Mafuta yakiwa kidogo kila siku, inachemka.

Kisha akafunga geji ya kupima presha kwenye njia ya mafuta. Ikasoma psi 36, wakati injini yangu inatakiwa iwe kati ya 44 na 50. Akapima na umeme kwenye soketi ya pampu: volti 12 na ushee, kwa hiyo waya ni mzima. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Fundi akinionyesha namba, ananipata.

Gari alilitoa nje penye hewa, akasogeza mtungi wa kuzimia moto. Akachomoa soketi, akaiacha injini ijizimikie ili presha iishe, akatoa waya wa betri ndipo akaanza kuitoa pampu. Pampu ilipotoka, wavu wake wa chini unaochuja mafuta ulikuwa mweusi tii, unateleza kwa tope. Mafuta ya tangini akayamimina kwenye chupa ya maji ya kunywa, na baada ya dakika chache maji yakajitenga chini. Niliumia, maana petroli nalipia kwa jasho. Pampu ilikuwa inavuta kwa shida, kama mtu anayenyonya juisi ya ukwaju kwa mrija ulioziba.

Tangi likasafishwa, wavu na filta vikabadilishwa, pamoja na mpira wa mfuniko uliokuwa umekakamaa. Geji ikapanda hadi 46. Spea na ufundi, nimelipa elfu 95.

Kasoro zipo. Nilikaa tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni bila kivuli cha maana wala choo cha wanawake, na risiti niliiomba mara mbili. Mwenye gereji ayarekebishe hayo.

Mlio nao haujaisha wote. Tangi likishuka chini ya robo nausikia kwa mbali. Kijana alinitahadharisha mapema kuwa pampu imeshachoka kiasi, akaandika 46 na tarehe kwenye daftari lake, akataka nirudi baada ya mwezi apime tena. Narudi Jumamosi, nikiwa na nusu tangi.