Kunasa au kupasha moto?

Mwarobaini umejaa Malindi, na mbegu zake zina azadiraktini, kemikali inayodhuru wadudu. Ndani ya seli inashika protini gani? Kuna njia mbili za kujua.

Njia ya kunasa hufunga molekuli kwenye shanga ndogo, kisha humiminiwa protini za seli na kuoshwa. Zilizong'ang'ania ndizo hutambuliwa. Ndivyo protini iitwayo serebloni ilivyojulikana mwaka 2010 kuwa shabaha ya dawa ya thalidomidi, yaani protini inayoshikwa nayo. Tabu yake kubwa: ukifunga upande usiofaa, molekuli haishiki tena. Tena protini zenye kunata hujiingiza bila haki.

Njia ya joto haifungi chochote. Seli hupashwa moto; protini iliyoshikwa na molekuli mara nyingi huchelewa kuganda kwa joto, na hapo hutambulika. Nyingine zilizoshikwa hazibadiliki, hivyo hazigunduliwi.

Azadiraktini, iliyochukua wanakemia miaka 22 kuiunda, hadi 2007, si ya kuchezewa kwa kuifunga kwenye shanga. Ningeanza na joto.