Risiva moja au prosesa na ampu kando? Kwa Mombasa, anza na joto

Kaskazi ikianza kuvuma, malalamiko ninayoandikiwa ni yale yale, mtaa tu ndio unaobadilika. Dada wa Bamburi: risiva, ile mashine inayoendesha spika za TV, inazima katikati ya filamu, ikiachwa nusu saa inawaka tena bila neno. Kaka wa Tudor: yake inazima wageni wakifika, maana hapo ndipo sauti inapopandishwa. Mwingine wa Mtwapa ameshaipeleka kwa fundi. Fundi akaiwasha juu ya meza, ikaimba mchana kutwa, mwenyewe akatozwa pesa za kufunguliwa na kurudishiwa mashine iliyokuwa nzima tangu mwanzo. Wote watatu niliwauliza swali moja kabla ya kuuliza kampuni wala wati: mmeiweka wapi? Wote wameiweka ndani ya kabati la TV, mlango wa kioo umefungwa vumbi lisiingie.

Kwa hiyo sitaanza na wati, wala idadi ya spika, wala Dolby Atmos. Hayo muuzaji yeyote atakusomea kutoka kwenye boksi bila kuulizwa. Mimi nataka kujua joto litatokea wapi.

Risiva ni kila kitu ndani ya sanduku moja: ubao wa HDMI unaopokea picha, prosesa inayogawa sauti, ampu tano, saba au tisa za kusukuma spika, na transfoma. Ukivitenganisha, prosesa inakaa kwenye sanduku lake na ampu kwenye lake, katikati unapitisha waya za sauti, za RCA au XLR. Wapenzi wa vya kutenganisha watakuhubiria usafi wa sauti mpaka uchoke. Sebule zetu zina vigae sakafuni, madirisha wazi na tuktuk zinapita nje, kwa hiyo usafi huo mimi siupi uzito mkubwa. Faida ninayoiona ni kwamba ampu, ambazo ndizo zinazochemka, zinahamishwa mbali na ubao wa HDMI, ambao ndio wenye gharama na ndio usiopenda joto.

Ampu nyingi za risiva ni za aina iitwayo klasi AB. Zikicheza kwa nguvu zote, sehemu kubwa ya stima zinayoivuta inageuka joto. Zikicheza kwa sauti ya chini, ya kutazamia habari za saa moja, karibu yote ni joto. Linapanda kupitia vitundu vya kifuniko, na kama juu yake kuna ubao wa kabati kwa umbali wa vidole viwili, linarudi chini lilikotoka. Halafu kuna hali yetu ya hewa. Chuma cha kupozea kinafanya kazi kwa tofauti ya joto iliyopo kati yake na hewa ya chumba. Sebule ya Majengo mwezi wa Machi, saa kumi alasiri, ina nyuzi 32 au zaidi, basi tofauti ile imeshapungua kabla hujagusa rimoti.

Kitabu cha maelezo cha risiva za kampuni ya Denon kinapendekeza nafasi ya sentimita 30 au zaidi kuizunguka mashine, shubiri moja na nusu kwa mkono wangu. Pima kabati lako leo. Kitabu hicho hicho kinaeleza jambo ambalo lingewaokolea watu nauli ya kwenda kwa fundi: mashine ikijizima, tazama taa nyekundu ya pawa. Ikiwaka na kuzimika polepole, kila baada ya sekunde 2 hivi, ni joto. Ikifanya haraka, kila nusu sekunde, waya za spika zimegusana au ampu ina hitilafu. Kaka wa Tudor aliitazama, yake ni ya polepole.

Niliwahi kusimama kando ya fundi akifungua risiva iliyotoka Nyali, nyumba ya mbele kabisa baharini. Skrubu za nyuma zilikuwa zimeshika kutu, moja ikavunjika kichwa. Ndani, katikati ya mapezi ya chuma cha kupozea, vumbi lilikuwa limegandamana kwa unyevu na chumvi hata likatoka kwa bisbisi likiwa kipande kizima, unaweza kukikunja. Na juu ya ubao wa pawa, mjusi kafiri mkavu, miguu yote minne imeng'ang'ania. Alifuata joto, maskini. Mende nao hufuata lilo hilo, ndiyo maana nawaambia watu wasiache mashine hizi zikiwa zimelala na taa nyekundu wiki nzima wakati wenyewe wamesafiri. Zima kwenye ukuta.

Sasa mpangilio wangu wa cha kununua, na sijifichi: mimi ni mtu wa Denon.

Ya kwanza kwangu ni risiva yenye matundu kamili ya priauti, na katika hizo ni Denon AVR-X3800H. Priauti ni yale matundu ya RCA ya nyuma yanayotoa sauti kabla haijaingia kwenye ampu za ndani. Mashine hii inayo kwa chaneli zote, yaani kwa kila spika, na kwenye menyu unaweza kuzilaza ampu zake za ndani, zote au zile unazochagua. Maana yake leo unainunua na kuitumia kama risiva ya kawaida. Mwakani ukipata pesa, unaongeza ampu ya nje kwa spika tatu za mbele, kushoto, kulia na ya kati, ambazo ndizo zinazobeba filamu. Unalaza ampu za ndani za spika hizo, na sanduku linapoa kweli, ukiweka mkono juu ya kifuniko unajua. Umefika nusu ya njia ya vya kutenganisha bila kuuza shamba. Na kabla ya kununua hiyo ampu, ingia kwenye menyu uweke hali ya ECO, ile ya kupunguza stima na joto, kwenye "Auto". Ni bure, na wengi hawajui kama ipo.

Ampu gani ya kuongeza? Ya aina nyingine, klasi D, kwa sababu ile ile ya joto: ikisukumwa sana inapoteza takriban sehemu moja tu kati ya kumi. Fosi Audio V3 ni ndogo, unaishika kwa kiganja, inaendesha spika mbili (kwa zile tatu za mbele utahitaji mbili), na pawa yake inatoka kwenye adapta ya nje inayokubali volti 100 hadi 240. Stima ikirudi kwa kishindo, uwezekano mkubwa kitakachokufa ni adapta, nayo unanunua nyingine. Mwenye sebule kubwa atazame Crown XLS 1502, ya jamii ya ampu zinazobebwa kwenye harusi. Ina matundu ya RCA na wati 300 kwa kila upande, lakini ina feni, na feni utaisikia filamu ikinyamaza.

Bei ya X3800H ndiyo inayonipandisha presha. Ilitoka mwaka 2022 kwa dola 1,699. Kwa shilingi 130 kwa dola ni kama 220,000, kabla ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Hilo naweza kulimeza. Nisilolimeza ni kwamba sisi tunakaa Mama Ngina tukitazama meli zikiingia Kilindini, kisha mzigo unapita kwetu kwenda Nairobi, unarudi Mombasa kwa lori ukiwa umeongezewa faida ya kila aliyeugusa. Muuzaji wa mjini ukimuuliza mbona bei iko juu kuliko ya Nairobi, anakwambia "Dada, usafiri." Usafiri kutoka wapi, na bandari iko pale?

Na wakati uko dukani, wati zisikubabaishe. Kwa X3800H, Denon wenyewe wameandika wati 105 kwa kila chaneli zikipimwa mbili tu kwa pamoja. Muuzaji huchukua 105, akazidisha kwa tisa, idadi ya ampu zake, akakwambia una wati 945. Transfoma ni moja, bwana, haiwezi kuzigawia zote tisa kiasi hicho kwa wakati mmoja.

Ya pili ni Marantz Cinema 70s, inayotoka kampuni moja na Denon. Kimo chake hakifiki sentimita 11, wati 50 kwa chaneli, chaneli saba, na priauti zipo kwa zote. Ilitoka kwa dola 1,200. Kwenye fleti ya Ganjoni au Kizingo, ambako jirani anagonga ukuta ukivuka kiasi, wati 50 zinatosha na kubaki. Niliipa nafasi hii kwa ajili ya kimo. Kwenye rafu ambayo risiva nyingine inaingia ikibana, hii inaacha hewa ya kutosha juu yake. Wanaume hawaipendi kwa sababu haionekani nzito. Shauri yao.

Vya kutenganisha kabisa nimeviweka nafasi ya tatu, na najua nitatukanwa. Chukua mfano wa Marantz: prosesa AV 10 na ampu AMP 10, yenye chaneli 16 za klasi D. Kila moja ilitoka kwa dola 7,000. Pamoja ni zaidi ya shilingi milioni 1.8 kabla ya ushuru. Kwa pesa hizo wengine wanaulizia ploti Kikambala.

Hoja yao moja naikubali bila ubishi: ampu haizeeki, HDMI inazeeka. Mwaka 2020 risiva za Denon, Marantz na Yamaha, naam, na Denon yangu, zilitoka na hitilafu ya HDMI 2.1, toleo jipya la wakati huo la njia ya picha. Ukiunganisha mashine ya gemu ya Xbox Series X kwa picha ya 4K ya 120Hz, yaani picha 120 kwa sekunde, picha inapotea. Denon wakatoa kifaa cha nyongeza cha kuchomeka katikati. Aliyekuwa na prosesa kando angebadilisha prosesa peke yake siku moja, ampu ikabaki pale pale. Ziko ampu za miaka ya 1990 kwenye nyumba za Mji wa Kale zinaimba mpaka leo. Kama marehemu baba aliacha moja, usiiuze kwa mtu wa vyuma chakavu. Itafutie risiva yenye priauti.

Lakini karibu na bahari vya kutenganisha vina adhabu yake. Kila waya wa RCA ni viungo viwili zaidi vya chumvi kukaa. Mfumo wa chaneli tisa una viungo kumi na vinane, na kimoja kikianza kukwaruza unakaa chini kuvitafuta. Vichomoe na kuvipangusa kila baada ya miezi michache, nunua mkebe wa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, na uangalie ncha za waya za spika. Zikiwa kijani, kata sentimita mbili uanze upya. Ukiwa hapo, kwangua waya kwa wembe. Ikitoka nyeupe ndani, uliuziwa alumini iliyopakwa shaba kwa bei ya shaba. Kwa hiyo prosesa na ampu kando nampendekezea mtu mwenye chumba chake cha filamu, chenye mlango na AC. Wengine watakuwa wananunua sifa.

Ya nne ni risiva zisizo na priauti za spika, ambazo ndizo zimejaa madukani. Siku ukitaka kuongeza ampu, huna pa kuchomeka, unauza kwa hasara. Kama unajua hutaongeza kitu, Yamaha RX-V4A ina chaneli tano tu, na ampu chache ni joto dogo. Inatosha.

Zile hometheatre za boksi moja lililoandikwa wati 12,000 PMPO, zile wati za kutangazia tu, sina mengi ya kusema. Soketi ya ukutani ya ampea 13 kwa volti 240 inatoa wati 3,120, ikikamuliwa yote. Hizo nyingine sijui zinatoka kwa nani.

Jambo la mwisho kabla hujashuka mjini. Kuanzia Mwembe Tayari hadi Digo Road utakutana na mashine za mitumba kutoka Japani na Marekani, safi, bei tamu, na wauzaji wanaoziweka zikitazama mbele tu. Igeuze. Nyuma, karibu na waya wa pawa, kuna kibandiko. Ikiandikwa 100V ni ya Japani, 120V na 60Hz ni ya Marekani. Ukuta wako ni volti 240. Muuzaji atakwambia "Mamangu, nakupa na transfoma bure." Transfoma anayokupa mara nyingi ni ile ya kuendeshea blenda. Risiva ikivuta kwa nguvu, nayo inachemka, na sasa una vitu viwili vinavyochemka kwenye kabati moja. Halafu siku mtoto akichomeka ukutani moja kwa moja, mashine imekwisha, na waranti uliyoahidiwa kwa mdomo haimo kwenye risiti. Mwambie aandike kwenye risiti namba ya modeli, namba ya mashine yenyewe, volti, na miezi ya waranti, ndipo utoe simu uingize M-Pesa. Akianza kusema risiti zimeisha, duka la pili liko hatua chache tu.