Chekechea ya serikali Tanzania na Kenya: nimepeleka watoto pande zote mbili, nyota zangu hizi hapa

Mwanangu wa kwanza kasoma darasa la awali Tanga, wa pili kaanzia PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) huku Kenya baada ya sisi kuhamia kwa kina baba yao, kwahiyo naongea kama mteja wa huduma zote mbili, ingawa na makaratasi nimeyapekua maana nilitaka kujua hela zetu zinaishia wapi.

Tanzania kwanza. Awali iko ndani ya shule ya msingi, ni mwaka mmoja, ada hakuna. Elimu bure ilipoanza 2016 watoto wa awali waliruka kutoka kama milioni 1 mpaka milioni 1.5 na ushee kwa mwaka mmoja tu, na vyumba ni vile vile jamani. Utaratibu unasema watoto 25 kwa mwalimu. Mi siku ya kwanza nilihesabu mabegi yaliyorundikwa mlangoni, nilipofika 90 nikaacha. Mwalimu mwenyewe fundi kwelikweli, anafundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda, ila vizibo vinaishia mstari wa tatu, wa nyuma wanaimba moja mbili tatu huku wanachungulia. Lakini yule mama ni mwajiriwa wa serikali kama mwalimu yeyote, mshahara unaingia, na hilo sikulithamini mpaka nilipovuka mpaka.

Hela ya uendeshaji ndo kichekesho. Ruzuku ya serikali kwa shule za msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, kiwango cha enzi za MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, 2002 ambapo ilikuwa kama dola 10, leo haifiki hata 5, tena inayotumwa shuleni ni 6,000, ile 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Pale kwetu awali walikuwa wanaambulia kinachobaki baada ya la saba kumaliza mitihani yao, ndo maana kila muhula naambiwa nilete rimu na ufagio wa chelewa. Siku hizi kuna madarasa ya mfano ya BOOST, ule mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, mazuri sana, kuta zimechorwa na bembea nje, ila ukuta haufundishi.

Huku Kenya ni habari nyingine. Elimu bure ya 2003 iliiacha chekechea nje, Katiba ya 2010 ikaikabidhi kaunti, kwahiyo jirani zangu wawili waliotenganishwa na barabara tu wanaweza kupata huduma mbili tofauti kabisa kisa gavana sio mmoja. Nairobi wana Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula cha mchana shuleni, mtoto analipa bob 5 anagusisha bangili yake anapewa chakula cha moto, mi nilipoona nilitamani kuhamia. Kaunti yetu siitaji jina. Darasa letu ni jipya, viti vidogo vya rangi, watoto 34, raha. Tatizo ni ticha, yuko kwa kontrakti, kuna kipindi alikaa miezi mitatu bila mshahara akawa anauza mahamri geti la shule asubuhi kisha anaingia darasani, mwanangu akawa anarudi nyumbani na oda za mahamri badala ya homwaki 😂 Uji tunachanga wenyewe, na hapa sio rimu, ni tishu.

Sasa ukitaka kulinganisha nani anatoa hela nyingi usije ukadanganyika kama mimi. Nilifungua bajeti ya wizara ya elimu Nairobi nikadhani chekechea haipewi kitu, kumbe mzigo uko kwenye kaunti 47 huko kila moja na kitabu chake. Dodoma nako awali imechanganywa na msingi ndani ya TAMISEMI, ile ofisi inayosimamia serikali za mitaa, kuichomoa ni kama kuchambua mchele gizani. Kwenye mkutano wa UNESCO wa elimu ya watoto wadogo, Tashkent 2022, nchi zilikubaliana angalau asilimia 10 ya bajeti ya elimu iende kwa hawa wadogo, basi mniambie mzazi wa kawaida ataihakiki vipi kwa mahesabu ya namna hii.

Tanzania nampa 3, nyota moja nzima ni ya mshahara wa mwalimu. Kenya 3 na nusu ukiwa kaunti inayojielewa, kwetu 2. Wa tatu ana miaka mitatu, bibi yake wa Tanga ameshaanza kuokota vizibo.