Uzi wa kufumia sweta ya mtoto mchanga: upi ununue ukiwa Dodoma

Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku wa Dodoma joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 na upepo haukatiki, lakini ikifika saa saba mchana mtoto yuleyule aliyefunikwa gubigubi alfajiri anavuja jasho mgongoni kwa mama yake. Ongeza vumbi jekundu, maziwa yanayocheuliwa, na maji ya kisima yenye chumvi yanayoifanya sabuni igome kutoa povu. Sweta ya kichanga hapa itaingia kwenye beseni karibu kila inapovaliwa. Kwa hiyo nimezipanga nyuzi hizi kwa jinsi zinavyokuwa baada ya kufuliwa mara kadhaa, si kwa jinsi zinavyobembeleza vidole dukani. Nazungumzia sweta ya vifungo mbele, ya kufuma kwa kroshia (ile sindano moja yenye ndoano), maana ya kuvutia kichwani ni vita na mtoto wa miezi miwili.

Nafasi ya kwanza naupa uzi wa pamba iliyochanganywa na akriliki (nyuzi za plastiki za kiwandani), nusu kwa nusu au pamba ikizidi kidogo. Pamba inanyonya jasho na kupitisha hewa. Akriliki inapunguza uzito, inasaidia sweta irudi kwenye umbo lake na ikauke mapema. Asubuhi unaifua, na kwa upepo wetu jioni anaivaa tena. Tatizo lake ni kuupata. Ukizunguka maduka ya vifaa vya ushonaji, utakutana na madonge mengi yaliyopoteza lebo, na muuzaji atakuambia, "Mama, hiyo ni pamba tupu," hata kwa uzi unaong'aa kama plastiki.

Dawa yake ni kiberiti. Omba kipande cha urefu wa kidole, toka nje ya duka, ukishike kwa kibanio na ukiwashe. Pamba inawaka upesi, inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Akriliki inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Usikiguse kikiwa cha moto. Sufu inanuka nywele zilizoungua na moto wake hufifia wenyewe ukiuondoa kiberiti. Ukipata jivu lenye vijidonge ndani yake, huo ndio mchanganyiko unaoutafuta. Muuzaji anayekukatalia kipande hicho kidogo, mwachie donge lake.

Ya pili ni pamba tupu. Kwa mtoto atakayezaliwa Oktoba au Novemba, joto likiwa kali, ningeipandisha ya kwanza bila kusita. Ina mambo mawili ya kuvumilia. Ni nzito, na ikilowa inavutika kuelekea chini, hivyo ianikwe imelazwa juu ya taulo, kamwe isining'inizwe kwenye kamba, la sivyo mikono itafika magotini. La pili ni maji yetu ya chumvi: mabaki ya sabuni huganda kwenye nyuzi na sweta inakakamaa. Kifuniko kimoja cha siki nyeupe kwenye maji ya kusuuzia kinasaidia, kisha suuza tena. Usiichanganye pamba hii na ule uzi mwembamba wa kufumia vitambaa vya makochi. Ule umekazwa na kung'arishwa, unapendeza mezani, lakini shingoni mwa kichanga unakwaruza. Rangi za kukolea, hasa nyekundu na bluu nzito, zilowanishe kidogo na uzisugue kwenye karatasi nyeupe kabla ya kulipa. (Inaudhi kidogo kwamba pamba inalimwa Simiyu na Shinyanga, mikoa inayopakana na Singida, ila sehemu kubwa huuzwa nje kabla ya kusokotwa, nasi tunabaki kutafuta donge la pamba kwa tochi.)

Ya tatu ni akriliki laini ya watoto. Hii ndiyo utakayoikuta kila mahali, kwa rangi zote, kwa bei ambayo haimtishi mtu. Haipungui ikifuliwa, inakauka haraka, na kwa baridi ya Julai inatosha kabisa ikivaliwa juu ya fulana ya pamba. Ikigusa ngozi moja kwa moja mchana, mtoto atatoka vipele vya joto, maana hainyonyi jasho. Isipigwe pasi, na isianikwe karibu na jiko la mkaa, kwani joto kali huiharibu moja kwa moja. Halafu akriliki si moja. Ile ya sweta za shule ni ya kukwaruza. Ipitishe chini ya sikio lako, siyo kiganjani, kwa sababu kiganja cha mtu anayefua na kupika hakihisi kitu.

Ya nne itawashangaza wengine: sweta ya mtumba ya kufumua. Sweta moja ya mtu mzima, ya pamba nzuri, inatoa uzi wa sweta ya mtoto na kofia yake, na mara nyingi lebo ya ndani bado ipo, inakuambia ni nyuzi gani. Siri iko kwenye mshono wa pembeni. Ukikuta kingo zimeungana kama mnyororo na hazijakatwa, itafumuka kwa uzi mmoja mrefu. Ukikuta kingo zimekatwa na kushonwa kwa ovaloki, irudishe kwenye rundo, maana utapata vipande vifupi vifupi, kila mstari na fundo lake. Uzi uliofumuliwa unakuwa na mawimbi: uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usivurugike, ufue, kisha uuning'inize ukauke na kunyooka. Inahitaji subira, ndiyo maana sikuipa nafasi ya juu zaidi.

Sufu naiweka mwisho. Ingekuwa Makete au Njombe, kwenye baridi kali, ningeipanga vingine. Hapa, ukiisugua kwenye beseni la maji ya moto inashikana na kupungua hadi imfae mwanasesere, na nondo nao wanaipenda. Kama lebo inasema wazi kwamba inafulika kwa mashine, sawa, nunua. Uzi wa manyoya, wa velvet na ule wenye nyuzi za kumetameta sizipi nafasi yoyote: vinyweleo vinaishia mdomoni mwa mtoto, na kumetameta kunakwaruza.

Kuhusu kiasi: uzi wa unene wa kati, ule ambao lebo yake inachora kroshia ya milimita 4, gramu 150 hadi 200 zinatosha sweta ya mtoto wa miezi mitatu hadi sita. Kroshia inakula uzi kuliko sindano mbili, kwa hiyo ongeza donge moja. Madonge yote yawe na namba ileile ya rangi kwenye lebo. Ukirudi wiki ijayo kuongeza, krimu ya leo na krimu ya siku hiyo hazitafanana, na tofauti itaonekana kifuani kabisa. Bei ilinganishwe kwa mita, siyo kwa donge. Tuseme donge la gramu 50 lenye mita 100 linauzwa shilingi 3,000, na jingine la gramu 50 lenye mita 140 ni shilingi 3,500: la pili ndilo rahisi, ingawa limeandikwa bei kubwa. Pamba ina mita chache kwa uzito uleule kuliko akriliki, basi usishtuke ukiambiwa uongeze madonge.

Kroshia yenyewe, nunua ya alumini yenye namba iliyogongwa kwenye mpini, milimita 3.5 au 4. Zisizo na namba zitakusumbua siku itakapopotea katikati ya kazi.

Vifungo viwe bapa, vya saizi ya kati, visivyo na ncha, vishonwe kwa uzi wa cherehani uliokunjwa mara mbili. Kila baada ya kufua vivute uone kama vimelegea, kwa sababu kifungo kilichong'oka kinakwenda mdomoni. Utepe wa kufunga shingoni muuzaji atakushawishi uchukue. Usichukue. Na chagua mfumo uliobana, maana matundu makubwa yanapendeza kwenye picha lakini ndimo kidole cha kichanga kinaponasa.