Kujiandikisha kura ya madiwani huku Uingereza: dakika tano, halafu barua

Nyota nne kwa huduma ya kujiandikisha kupiga kura ya GOV.UK, tovuti ya serikali ya huku, na mwanzoni nilikuwa siiamini kabisa.

Miaka mitatu nakatwa kaunsili taksi, yaani kodi ya halmashauri, kila mwezi bila huruma na muda wote huo najua kura ni ya wenye paspoti ya hapa tu, sisi wengine kazi yetu kubeba boksi na kulipa. Kumbe wapi! Dada mmoja Mkenya tunafanya naye kazi ya kea, kuhudumia wazee na wagonjwa, ndo kanifungua macho tukiwa breki, ananiambia we Mtanzania, nchi yenu iko Jumuiya ya Madola, kibali cha kukaa unacho, miaka 18 umepita zamani sana (akacheka), sasa unasubiri nini? Nikaenda kusoma mwenyewe, nikakuta kweli. Mtanzania, Mkenya, Mganda, hata Mnyarwanda maana wao waliingia Madola 2009, wote ruksa, uwe na viza ya kazi au ya shule, na sio diwani tu, mpaka mbunge unachagua. Yaani nyumbani siwezi kupiga kura nikiwa huku, Watanzania tulioko nje hatuna utaratibu huo, halafu huku ugenini naambiwa karibu. Niliguna.

Fomu yenyewe ni nyepesi mpaka unapata wasiwasi. Jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, uraia, NI namba (namba yako ya bima ya taifa), kama umehama ndani ya mwaka unasema ulikuwa unakaa wapi, basi. Hakuna kidole, hakuna picha, hakuna foleni. Nyumbani Oktoba 2024 kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa mdogo wangu alitoka mwenyewe kwenda kujiandikisha kituoni kati ya tarehe 11 na 20, mimi nimefanya nimelala kitandani na simu. Ila kuna sehemu wanakuuliza kama unataka jina lako liwe kwenye rejista ya wazi, hapo kataa, hiyo inauzwa kwa yeyote anayetaka kununua na kukataa hakukuondolei kura yako. Faida nyingine wengi hawaijui, ukiwa kwenye rejista hata ukiomba mkopo au simu ya mkataba wanakuhakiki anwani kirahisi.

Sasa nyota ya tano ilikopotelea. Majina. Jamani sisi na majina matatu tutateseka dunia nzima. Paspoti yangu inasema jina la ukoo ni la babu, ile barua ya NI namba waliandika la baba ndo la ukoo, mimi kwenye fomu nikajaza kama paspoti, kompyuta zao zikashindwa kunitambua. Ikaja barua toka halmashauri (jina lake silitaji) kwamba nithibitishe mimi ni mimi, nitume kopi ya paspoti. Nikatuma. Kimya. Nikapiga simu, nasikilizishwa muziki nusu saa, akapokea kijana mpole tu akasema barua pepe yangu ilikuwepo ila hakuna aliyeifungua. Wiki tatu zote hizo! Na mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, hazihesabiwi wikendi wala sikukuu, na Pasaka huwa inaangukia humohumo, kwa hiyo ukisema utajaza Aprili katikati unajidanganya. Jaza hata leo. Na jaza jina kama lilivyo kwenye NI namba, paspoti utaonesha kituoni.

Kituoni maana toka Mei 2023 kura ya madiwani England lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Hapa nilijiandaa kwa ugomvi lakini paspoti ya Tanzania inakubalika, ya nchi yoyote ya Madola inakubalika, hata iliyoisha muda ilimradi sura bado ni yako. Kadi ya chuo haikubaliki, kadi ya basi ya wazee inakubalika, hiyo mnielezee wenyewe. Usipokuwa na chochote kuna cheti cha bure cha kukutambulisha kituoni, unaomba mtandaoni, ila kiombe mapema. Ile kadi ya taarifa ya uchaguzi wanayokutumia kwa posta sio lazima uende nayo.

Alhamisi yenyewe ya kura nilitoka shifti ya usiku nikapitia hapohapo, vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku, ukumbi wa kanisa, wamama wawili na chai yao, nimemaliza dakika tatu. Unapewa penseli! Penseli imefungwa na uzi. Na hakuna wino kidoleni, nilitoka nauangalia mkono kama nimesahau kitu.

Kinachoniuma ni jirani yangu, Mkongo wa Bukavu, mlango wa tatu toka kwangu, ana miaka 11 hapa na kodi analipa kunizidi. Yeye hawezi. Kongo haiko Madola, Burundi pia, England inawafungia. Lakini mtoto wa dada yake yuko Glasgow, ana miaka 17, huyo kajiandikisha, maana Scotland na Wales kwenye kura za halmashauri wanaruhusu mkazi yeyote halali wa nchi yoyote kuanzia miaka 16, na huko kwenye kura hizo hata kitambulisho cha picha hawadai. Nilipomweleza jirani akanyamaza kidogo, akasema kumbe shida sio mimi, shida ni treni niliyopanda.

Amenipa orodha yake. Diwani akija kugonga nimwambie habari ya mapipa, na ile taa ya kona.