Seva Moja, Mashine Pepe Nyingi: Ofisi au Shule Ichague Programu Ipi?

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu, na seva moja inaweza kubeba nyingi. Kabla ya majina ya programu hizo, niseme linalonikera: watu hubishana wiki nzima kuhusu programu, kumbe seva yenyewe ina RAM ya GB 16. Mashine pepe hugawana prosesa bila ugomvi kwa sababu nyingi zimelala muda mwingi. RAM haigawiki kirahisi hivyo. Anzia GB 64, tena kwenye diski za SSD, ndipo uanze kuangalia leseni.

Ya kwanza kwangu ni Proxmox VE. Imejengwa juu ya Debian, aina ya Linux, na KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe; ni programu huria, na hakuna kipengele kilichofungwa kikisubiri malipo. Unacholipia, ukitaka, ni usaidizi na masasisho yaliyopimwa zaidi, na bei huhesabiwa kwa soketi za prosesa. Tangu toleo la 8.2 la mwaka 2024 ina zana ya kuhamishia mashine zilizokuwa kwenye ESXi, programu ya VMware. Kasoro yake ni moja: anayeisimamia asiwe mwoga wa Linux.

Hyper-V ya Microsoft ni ya pili, na inamfaa aliyekwisha kununua Windows Server. Hapa soma leseni polepole. Toleo la Standard linakuruhusu mashine mbili tu za Windows Server, na unalipia angalau kori (viini vya prosesa) 16 hata kama seva yako ina 8. Ukitaka mashine nne, unalipia kori zote upya. Toleo la Datacenter halina kikomo cha mashine, lakini bei yake haina huruma. Ile Hyper-V Server ya bure iliishia toleo la 2019, kwa hiyo makala za zamani zisikudanganye.

XCP-ng, iliyotokana na XenServer, programu nyingine ya aina hii, naiweka ya tatu. Ni imara na huria, ila kumpata fundi anayeijua ni kazi.

VMware ya nne? Ndiyo. Zamani ningeitaja ya kwanza bila kufikiri, na kwa ufundi bado ni hodari. Lakini Broadcom ilipoinunua Novemba 2023, leseni za kudumu hazikuchukua muda kuondolewa sokoni. Sasa ni kulipia kwa vipindi. Kwa shule yenye seva mbili, huko ni kukodi lori kubebea begi.

VirtualBox siipangi na hizo, maana mahali pake ni kompyuta za maabara: mwanafunzi anaivuruga Linux, mwalimu anairudisha kwa snapshoti, yaani hali ya mashine iliyohifadhiwa kabla, somo linaendelea. Ofisi ziangalie kile kifurushi chake cha nyongeza, Extension Pack: ni bure kwa matumizi binafsi na ya elimu, si ya biashara.

Bajeti ibakize fedha za chelezo (nakala za akiba) kwenye kifaa kingine kabisa. Snapshoti hukaa kwenye diski ileile ya mashine. Nililielewa hilo Jumatatu moja, diski imekufa na snapshoti zangu zote, walimu wamesimama mlangoni wakiuliza matokeo yako wapi.