Matairi ya gari dogo la njia mbovu: yapi ya kununua Unguja na Pemba

Mwenye Suzuki Jimny, Escudo, Daihatsu Terios au RAV4 ya zamani hapa visiwani hupita lami kwa sehemu kubwa ya safari zake, na kipande kifupi cha mwisho ndicho kinachomaliza matairi. Barabara ya kutoka Mjini hadi Paje ni lami, na ya Nungwi vilevile. Lakini anayekaa nyuma ya kijiji, anayeteremka pwani kuchukua samaki, au anayekwenda shambani Pemba wakati wa masika, huiacha lami kabla hajafika. Tairi linalofaa ni lile linalokimudu kipande hicho bila kudhoofisha breki na usukani katika masafa marefu yaliyotangulia. Aina za matairi zimepangwa hapa kwa kigezo hicho, na ndiyo maana tairi lenye sura kali kuliko yote halikupata nafasi ya juu.

Kwanza ijulikane ni ardhi gani inayokusubiri, kwani visiwa hivi vina ardhi za namna tatu zisizofanana. Upande wa mashariki na kusini wa Unguja, kuanzia Matemwe kuteremka hadi Makunduchi na Kizimkazi, ni uwanda: jiwe la matumbawe lililofunikwa na udongo kidogo, lenye makali yasiyolainika kwa kupitwa na magari. Micheweni, Pemba, nako kuna ardhi ya aina hiyo. Jiwe hili kwa kawaida halitoboi tairi katikati. Hulikata ubavuni, mahali ambapo mpira ni mwembamba na ambapo hakuna kiraka cha fundi pancha kinachoweza kuaminika. Ardhi ya pili ni mchanga wa pwani, ambao hauhitaji meno makubwa hata kidogo. Ya tatu ni udongo mwekundu wa vilima vya Pemba, ambao ukirowa hujaa katika mianya ya tairi mpaka likabaki laini kana kwamba ni kipara.

Ukubwa utangulie

Jimny ya injini ya lita 1.3 kwa kawaida hutumia 205/70R15; Jimny ya umbo jipya, iliyoanza kutoka mwaka 2018, hutumia 195/80R15; ile ndogo ya cc 660 inayoletwa kutoka Japani hutumia 175/80R16; na RAV4 za mwanzo aghalabu hutumia 215/70R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hata hivyo gari lililopita mikononi mwa watu wengi huenda limekwishabadilishwa rimu, kwa hiyo usiandike ukubwa wa tairi ulilolikuta na kwenda nao dukani. Fungua mlango wa dereva usome karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo, ambayo pia hutaja kiasi cha upepo.

Wengi hupenda kupandisha ukubwa kidogo ili gari liinuke. Kwa Jimny mpya, kutoka 195/80R15 kwenda 215/75R15 kunaongeza kipenyo kutoka milimita 693 hadi karibu 704, yaani asilimia moja na nusu, na gari halitahisi tofauti kubwa. Tairi hilohilo la 215/75R15 likiwekwa kwenye Jimny ya zamani iliyozoea 205/70R15, ongezeko ni zaidi ya asilimia tano. Pale mshale unapoonyesha 80 gari litakuwa linakwenda kwa kasi zaidi kuliko zamani kwa karibu kilomita 4 kwa saa, tairi huenda likagusa madigadi kwa ndani usukani unapokatwa hadi mwisho, na injini ya lita 1.3 itadai gia ya chini katika kila mlima wa njia ya Mkoani hadi Chake Chake. Kosa baya zaidi ni la kinyume chake, la kuweka rimu za inchi 17 au 18 zenye tairi la ubavu mfupi kwa ajili ya pambo. Jiwe la uwanda likilibana tairi kama hilo dhidi ya ukingo wa rimu, linakatika, na mara nyingine rimu nayo inapinda. Ubavu mrefu ndio kinga ya gari dogo.

Baada ya ukubwa huandikwa namba na herufi, kama 96S. Namba 96 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 710, na S ni kasi ya hadi kilomita 180 kwa saa. Usishuke chini ya uzito uliotajwa kwenye karatasi ya mlangoni; ama kasi, katika kisiwa cha Unguja chenye urefu wa kilomita 85 hivi na matuta katika kila kijiji, si jambo la kulipia zaidi.

Nafasi ya kwanza: A/T ya uzito wa wastani

Herufi A/T huonyesha tairi lililotengenezwa kwa barabara na njia mbovu pamoja. Ndani ya kundi hili kuna matairi mepesi ya gari dogo na mazito yaliyoandikwa LT, na yanayoshika nafasi ya kwanza hapa ni yale mepesi, katika ukubwa wa kiwandani. Yokohama Geolandar A/T, Bridgestone Dueler A/T na Dunlop Grandtrek AT ni mifano inayojulikana. Meno yake ni makubwa kiasi cha kushika kifusi na tope jepesi, lakini yamesogeleana vya kutosha hivi kwamba mpira mwingi unagusa lami, na hilo ndilo linaloamua gari litasimama wapi mvua ya vuli inapoanza kunyesha juu ya barabara yenye vumbi na mafuta. Kelele zake ni za kuvumilika na ongezeko la mafuta ni dogo. Mabegani mwa mengi ya matairi haya meno huendelea kidogo kuteremka ubavuni, na mpira huo wa ziada unasaidia kwenye jiwe, ingawa haufanyi tairi lisikatike.

Asiyejua achague nini, na ambaye safari zake zinachanganya Mjini, pwani na shamba, anunue hili na asiendelee kutafuta.

Nafasi ya pili: A/T nzito yenye alama ya LT

Tairi la LT ni lilelile la ardhi zote lakini limejengwa kwa matabaka yenye nguvu zaidi, asili yake ikiwa ni malori madogo. BFGoodrich All-Terrain T/A KO2 ndilo mfano ambao madereva wengi wanalijua. Kwa mkaazi wa uwandani, anayekanyaga jiwe asubuhi na jioni, ningelibadilishia nafasi na kulipeleka mbele ya lile la kwanza, kwa sababu tairi moja lililokatwa ubavu ni la kutupwa, na kutupa matairi mawili kwa mwaka kunameza tofauti yote ya bei.

Lisilopendeza ni kwamba gari lenye uzito wa kilo elfu moja na kidogo halina haja ya nguvu zote hizo. Tairi ni zito, gari linasita kuondoka, na kila tuta linasikika mgongoni. Tena usijaze upepo kwa kufuata kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, maana hicho ni kikomo cha tairi likiwa limebeba mzigo wake wote. Jimny iliyojazwa namna hiyo itaruka ovyo kwenye makorongo. Kabla ya kulipa hakikisha pia ukubwa wako upo, kwani matairi ya LT katika vipimo vidogo ni machache.

Nafasi ya tatu: H/T mpya

H/T ni tairi la barabarani, lenye mianya myembamba na meno tulivu. Wapo watakaoshangaa kuliona juu ya tairi la tope, lakini mtu anayetoka Mjini kwenda kazini na kuteremka ufukweni siku za mapumziko hahitaji zaidi. Kwenye lami iliyorowa hakuna linalolishinda, halipigi kelele, na linadumu.

Mchanga ndio unaowadanganya watu. Gari likizama, dereva hulaumu meno, ilhali mchangani meno makali huchimba na kujizika. Kinachosaidia ni tairi kutandawaa: kwa gari jepesi, upepo ushushwe hadi baina ya psi 15 na 18, mwendo uwe wa taratibu usiokatizwa, na usukani usikatwe ghafla, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo linaweza kuchomoka kwenye rimu. H/T iliyoshushwa upepo itapita pale ambapo M/T, yaani tairi la tope, iliyojazwa imekwama. Lakini ni lazima upepo urudishwe kabla ya kushika lami, kwani tairi laini likikimbia hupata moto na kuharibika kwa ndani bila kuonyesha dalili nje. Pampu ndogo inayochomekwa kwenye tundu la kiwashia sigara ina faida kuliko kupanda daraja zima la tairi. Na upepo usishushwe namna hiyo kwenye njia ya jiwe, kwa sababu ubavu hututumka na kujitoa nje kukutana na makali.

Nafasi ya nne: M/T

Hili ndilo tairi la picha: meno makubwa yaliyoachana, yanayojitapika tope wakati wa kuzunguka. Kwa mtu mmoja ni sahihi kabisa, naye ni yule wa Pemba ambaye nyumba au shamba lake la karafuu liko chini ya mteremko wa udongo mwekundu na ambaye hawezi kungoja njia ikauke. Hapo tairi la lami hugeuka kipara ndani ya mizunguko michache, na A/T nayo hufika mahali ikashindwa.

Kwa wengine wote gharama ni kubwa kuliko faida. Meno machache maana yake ni mpira mchache juu ya lami, na juu ya lami iliyorowa gari huchukua masafa marefu zaidi kusimama. Linavuma, linakula mafuta, na meno ya pembeni huisha mshazari matairi yasipobadilishwa nafasi mara kwa mara. Zile Jimny za kukodisha zilizovishwa M/T, zinazotoka uwanja wa ndege hadi hotelini Paje na kurudi, zinalipia sura tu.

Nafasi ya mwisho: matairi ya mtumba

Tairi la mtumba huvutia kwa bei na kwa jina kubwa lililoandikwa ubavuni, na mara nyingi meno yake ni marefu. Meno hayo ndiyo mtego. Magari na matairi mengi hutujia kutoka Japani, ambako watu wa mikoa ya baridi huvaa matairi ya theluji kwa miezi michache kwa mwaka, hivyo huzeeka kabla hayajaisha. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa barafu. Katika joto letu huisha haraka na kushika vibaya barabara. Yatambue kwa neno STUDLESS ubavuni, kwa majina kama Blizzak au iceGUARD, na kwa mikato myembamba mingi iliyopitishwa juu ya kila jino. Alama ya mlima wenye chembe ya theluji peke yake haitoshi kukuhukumia, maana baadhi ya matairi mazuri ya A/T, kama Geolandar G015 na KO2, nayo yanayo.

Umri husomwa katika tarakimu nne za mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu 2324 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Maandishi kamili huwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo usipoyaona ligeuze, na muuzaji asiyetaka ligeuzwe amekwishakujibu. Likipita miaka mitano lichunguzwe kila mwaka, na likifika kumi liondolewe hata kama meno yamebaki. Nyufa ndogo ndogo baina ya meno au karibu na rimu ni sababu ya kuliacha papo hapo. Soma tarakimu hizo hata kwenye tairi jipya, kwani jua la ghalani na la mbele ya duka halichagui.

Idadi ya kununua

Yanunuliwe manne yanayofanana. Jimny ikitiwa kwenye mwendo wa magurudumu manne, mihimili ya mbele na nyuma hufungwa pamoja, na RAV4 za zamani za magurudumu manne husukuma mbele na nyuma wakati wote. Matairi yenye vipenyo tofauti huifanya mitambo hiyo ivutane na kuchakaa. Fedha ikitosha mawili tu, yawe ya ukubwa uleule na yafungwe nyuma, ili mkia wa gari usikimbie kwenye kona ya mvua. Mabovu yaliyobaki mbele yabadilishwe kabla meno hayajashuka chini ya milimita 3, ijapokuwa kikomo kinachojulikana ni 1.6, kwa kuwa chini ya milimita 3 hizo tairi huanza kuelea juu ya maji ya masika.

Tairi la akiba la Jimny, na la RAV4 na Escudo nyingi, hukaa nje kwenye mlango wa nyuma, likiota jua na chumvi miaka nenda miaka rudi, na katika gari la mtumba kutoka Japani mara nyingi ni lile lililotoka nalo kiwandani. Sura yake ni mpya kwa sababu halijagusa ardhi. Lisome tarakimu zake nalo, na ukinunua manne mapya chagua lililo bora katika ya zamani, la ukubwa uleule, ulifunge hapo. Mkaazi wa uwandani anunue la tano kabisa.